Ubao Ukitengwa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku mimi mzima, isipokuwa koo langu lililochoka kusoma. Wewe je, na huo mgongo? Simu umeizima tena, ndiyo maana nimemkabidhi barua hii dereva wa lori la dawa.

Habari za ugonjwa umeshazisikia, tena kwa sauti yangu. Serikali imefunga shule, mipaka na masoko, na kila asubuhi wizara inanipa tangazo nilisome redioni. Yule chiriku uliyekuwa ukimfukuza karakanani kwa kelele, leo anasikilizwa na nchi nzima. Siringi. Basi, naringa kidogo.

Nakuomba jambo moja: ukijisikia vibaya, piga ile namba ya bure, gari litakuja. Tangu Mama atutoke sina mzazi mwingine. Usinifanyie ukaidi.

Mwanao,
Chiriku

11 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, unanikumbusha kila nikiinama. Karakana nimefunga kama mlivyoagiza. Nilipokusikia nilifungua dirisha na kupandisha redio mpaka mwisho, majirani wajue wewe ni wa nani. Muuza maji alisimama na mkokoteni wake hadi ukamaliza.

Lakini ulisema, "Atakayeonekana na dalili atatengwa." Anayetengwa si ni yule aliyeaibisha ukoo? Na kwa sisi maseremala unajua mwenyewe: ubao ukitengwa, unangoja jiko. Tangu siku hiyo hakuna anayekohoa mtaani. Jirani yangu fundi cherehani kajifungia, ukibisha hodi anajibu kwa kugonga mkasi mezani. Watu wanameza vikohozi kama vidonge.

Mimi nina kikohozi kidogo tu, cha vumbi la mbao. Usijali.

Baba yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Vumbi gani, na karakana umeifunga? Hata kudanganya hujui.

Naogopa. Barua yako nimeisoma kikaoni wizarani, ile sehemu ya ubao kutengwa. Mkurugenzi wangu akasema neno hilo ni la kitaalamu, halibadilishwi kwa ajili ya seremala mmoja. Nikamwambia seremala huyo ni baba yangu, anakohoa, na aliyemfungia mlango kwa neno hilo ni mimi. Daktari mkuu akasema sasa anaelewa kwa nini vitanda viko vitupu wakati watu wanafia majumbani. Waziri akauliza meza nzima: "Nani hapa angekubali mama yake atengwe?" Hakuna aliyeinua mkono.

Jumatatu asubuhi fungua redio. Halafu piga ile namba, nakupigia magoti.

Mwanao,
Chiriku

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Lori limerudi bila barua na simu yako haipatikani. Tangazo nalisoma kila asubuhi kana kwamba nakusomea wewe peke yako. Nijibu, hata kwa kunigombeza.

Chiriku

12 Aprili

Chiriku wangu,

Marahaba zote ulizokuwa unangoja. Mimi mzima, na safari hii si maneno yangu, daktari kathibitisha. Simu niliisahau nyumbani, na mwenye mpira wa hewa puani haandiki barua.

Jumatatu ile nilikuwa sakafuni, pumzi inakwama kama msumeno butu. Nikakusikia: "Mgonjwa atauguzwa. Atalazwa, atalishwa, na jamaa zake watamwona dirishani." Nililia, mwanangu. Kuuguza ni kazi aliyotufanyia mama yako. Nikapiga namba. Gari lilipofika, fundi cherehani alichungulia, akatoka na mto kwapani, akasema kama ni kuuguzwa basi na yeye apishwe njia. Muuza maji akafuata. Mlango kwa mlango, mtaa ukakohoa kwa sauti. Sijawahi kusikia kelele tamu kama ile.

Wodi ilijaa pomoni. Sasa inapungua, na karibu wote wanatoka kwa miguu yao wenyewe. Jana serikali ilifungua masoko. Nakuambia, ugonjwa tumeushinda, na wewe umo.

Mlangoni palikuwa na kibao kilichoandikwa WODI YA WALIOTENGWA. Muuguzi mkuu aliniomba niwachongee kingine, nikachonga: WODI YA WANAOUGUZWA. Nimekipigilia misumari mwenyewe, wagonjwa wakipiga makofi madirishani. Msalimie mkurugenzi wako, mwambie ni salamu za seremala mmoja.

Kile kibao cha zamani nimekitenga. Kinangoja jiko.

Baba yako