Rangi ya Zambarau Kwenye Boliti ya Arthi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jamleck Kihara. Umri: miaka 69. Kazi: mwalimu mstaafu wa umeme katika chuo cha ufundi, kwa sasa natengeneza nyaya za pikipiki nyumbani. Makao: Dundori. Yameandikwa na Konstebo Chepchumba tarehe 17 Machi 2025, saa nne asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimesikia kwamba Kipkemei, kijana anayesafirisha maziwa, atashtakiwa kwa kuendesha pikipiki isiyo na taa ya nyuma. Yuko hospitalini, mguu umevunjika mahali pawili, na hawezi kuja kujitetea.

Mnamo tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi, Kipkemei aliniletea pikipiki hiyo. Sehemu ya nyuma ilikuwa imekatwa na fundi aitwaye Jerry wa Bahati, akachomelea keria ndefu ya kubebea mitungi ya maziwa, akaipaka yote rangi nzito ya zambarau. Ilipendeza kama keki ya harusi, na kwa upande wa umeme ilikuwa na akili kiasi hicho hicho. Taa ya nyuma iliwaka vizuri, lakini breki ikikanyagwa ilififia hadi kuzimika, na indiketa zikawa zinamulika kidogo bila kuwashwa. Kipkemei alisema Jerry alikuwa ameshabadilisha balbu tatu na swichi ya breki. Huyo ni mtu anayenunua sufuria mpya kwa sababu kuni zimelowa.

Naomba hili liandikwe kama ninavyolisema, afande. Umeme ukitoka kwenye betri lazima upate njia ya kurudi. Kwenye pikipiki njia hiyo ni chuma cha fremu, na waya wa arthi ndio unaoiunganisha taa na chuma hicho. Jerry aliufunga waya huo kwa boliti juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Pale ilipochubuka kidogo, umeme wa taa ndogo ulipenya. Ule wa breki ni mwingi, ukakosa njia, ukazima zote mbili. Kwa kujaribu tu, niliufunga waya wangu kati ya taa na upande hasi wa betri, taa na breki zikawaka sawasawa. Nikautoa waya huo, nikafungua boliti, nikakwangua rangi kwa msasa hadi chuma kikang'aa, nikakaza. Tulijaribu breki mara kumi, haikuzima hata mara moja.

Nilimpigia Jerry simu aje aone. Alikuja saa sita, miwani kichwani. Nilimweleza kwa nusu saa, nikamchorea hata kwenye karatasi. Alisema, "Mzee, hiyo ni sayansi ya kitambo. Siku hizi watu wanataka muonekano." Kisha akainama, akaona pale nilipokwangua. "Ai! Mzee, umenikwaruzia kazi!"

Mnamo tarehe 14 Machi, saa moja na dakika kumi jioni, kukiwa na ukungu, Kipkemei aligongwa kutoka nyuma na lori la kabeji kwenye barabara ya Dundori, karibu na bampu. Sikuwepo. Lakini dereva wa lori, Bwana Nyongesa, alisema mbele yangu hapa kituoni, "Taa niliiona, boss. Ilikuwa inawaka. Alipofika bampu ikapotea."

Sioni ugumu wowote hapo. Kwenye bampu mtu hukanyaga breki.

Tarehe 15 Machi, saa tano asubuhi, nilionyeshwa pikipiki hiyo katika uwanja wa kituo hiki, wewe ukiwepo, na Jerry pia. Boliti ilikuwa ya zambarau, imekazwa vizuri sana. Niliifungua mbele yenu. Chini yake, pale nilipoacha chuma kitupu, palikuwa na rangi mpya, bado laini kwa ukucha. Jerry, ambaye dakika chache kabla alikuwa amekwambia kwamba Kipkemei ndiye aliyechezea nyaya, sasa alisema, "Aliniletea juzi Alhamisi nipige picha za kuweka mtandaoni. Hapo palikuwa panaonekana kama kidonda. Nikafungua, nikapiga brashi, nikarudisha. Na taa ilikuwa inawaka!"

Nikamuuliza, "Ulikanyaga breki?"

Akasema, "Breki ya nini, mzee? Si ilikuwa imesimama?"

Nimefundisha miaka thelathini na moja. Wajinga nimewaona wa kila aina, na wengi walifundishika. Huyu hakukosa kuelezwa. Alielezwa, akachorewa, akaenda akapaka rangi juu ya maelezo.

Kuna jambo moja nililoruka. Tarehe 11, Jerry alipoondoka, Kipkemei alibaki akaniuliza, "Mwalimu, na mimi unionyeshe hapo ulipokwangua. Ikizima tena nitajuaje?" Nilikuwa nimechoka kuongea. Nilimwambia, "Wewe endesha tu."

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na hilo la mwisho ni langu.

Sahihi: J. Kihara

Maelezo ya afisa: Shahidi alisomewa maelezo haya. Alisahihisha mahali pamoja: niliandika boliti ilikuwa legevu, akasema ilikazwa vizuri sana, juu ya rangi. Alitia sahihi. Kisha akauliza saa za kuwaona wagonjwa, na kama anaweza kuingia wodini na karatasi ya kuchorea.

Konstebo Chepchumba