Zeze la Baba Kwenye Kompyuta ya Parokia

Jumanne, 9 Machi 1999

Nota za kwaya za Pasaka, sauti ya tatu, bado. Programu inapiga kinanda tu. Kinanda, kinanda. Nimekichoka. Bwana Amin wa duka la redio kaleta diski. Ndani yake zeze la baba: zile sauti tano nilizorekodi kwa kaseti kule Runzewe, Bwana Amin akazikata mojamoja. Nilimwahidi baba atausikia wimbo wake ukipigwa na mashine. Vumbi la mashimo ya dhahabu limemmaliza mapafu. Sina muda.

Alhamisi, 11 Machi

Jina la zeze limo kwenye orodha ya vyombo, ila limefifia, halibonyezeki. Nimezima, nimewasha. Nimeweka diski mara sita. Wapi! Padre kanikuta nalia, akajifanya anatafuta funguo.

Jumapili, 14 Machi

Dada katuma salamu kwa dereva wa basi. Baba anauliza: "Mayu, mashine imejifunza?" Bado ananiita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Nimejibu bado kidogo tu. Mwongo mkubwa mimi.

Jumatano, 17 Machi

Baba amefariki. Naondoka na basi la asubuhi.

Jumamosi, 27 Machi

Nimerudi Geita. Bwana Amin alikuja kunipa pole, akaketi kwenye kompyuta. Hata chai haikupoa. Kwenye mipangilio kuna kisanduku cha kuruhusu vyombo vya watengenezaji wengine. Hakikuwa na alama. Akauliza nani alikataa.

Mimi. Siku ya kwanza programu iliniuliza, kwa Kiingereza chake, nami nikabonyeza Hapana. Padre alishatuonya: usichokijua kikatae, kitaleta virusi. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema kila siku. Mgeni alikuwa baba yangu, nikamfungia mlango. Najichukia.

Akaweka alama, akazima, akawasha. Jina likakolea. Sikuthubutu kuligusa.

Jumapili, 28 Machi

Misa ya Matawi imekwisha, ofisini niko peke yangu. Nimeandika nota ya kwanza ya wimbo wake. Uzi ukalia, na nyuma yake sauti: "Marahaba, mayu."

Nilimsalimia kaseti ikiwa inazunguka. Nilisahau kabisa. Bwana Amin hakuikata.

Nota hiyo inarudi mara kumi na moja katika wimbo. Kwaya watashangaa. Sitaitoa.

Nimemaliza kuandika saa nane mchana. Nikasema shikamoo, baba. Nikabonyeza.