Sufuria Imerudi Kwangu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama, wewe, shemeji na wanangu, na lile goti lako limepoa. Mimi ni mzima wa mwili, cherehani inazunguka, na sare za shule zimenijaa mpaka chini ya kitanda. Ila roho yangu imejaa kinyaa, na huku sina wa kumtapikia ila wewe.

Unaikumbuka mizizi niliyokuwa nikinywa tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Mama mkwe aliichemsha mwenyewe, akanisimamia mlangoni mpaka kitako cha kikombe kionekane. Ilinuka kama tambara la deki lililosahaulika kwenye ndoo. Nikitapika, alisema tumbo langu ndilo linalokataa watoto. Mume wangu alikaa papo hapo akitengeneza simu za watu mapajani, zake mbili zikiwa mifukoni, wala hakuinua uso.

Mwaka jana daktari alikataa kunipima tena mpaka mwenzangu naye apimwe. Majibu yakatoka kwamba mbegu zake ni chache na zimechoka. Daktari alimwambia asiweke simu mfukoni wala mapajani, kwa kuwa wapo watafiti wanaoishuku mionzi yake, ingawa alikiri kwamba bado wanabishana. Akamwambia pia aache sigara, ale matunda na mboga za majani kwa wingi, maana zina antioksidanti, vitu vinavyosaidia kuzilinda seli za mwili, mbegu zikiwemo. Mengi yamejaribiwa kwa panya tu, alisema, kwa hiyo asitegemee muujiza.

Dada, lawama zote zilihamia kwenye simu. Mama mkwe alizisema simu kama anayemsema mke mwenza. Mwanawe hana kosa, kaonewa na mionzi. Mizizi ikatupwa, sufuria ikasuguliwa kwa majivu, akaanza kumsagia komamanga na majani ya mlonge yaliyotiwa asali, akimpelekea na kitambaa cha kufutia mdomo. Bwana mkubwa alionja, akakunja uso, akasema kuna uchungu kwa mbali. Basi akaongezewa asali. Mimi miaka yote ile sikupewa hata maji ya kusukutua. Nilimtazama anavyolamba kijiko, nikashikwa na kichefuchefu, na sikuwa nimekunywa kitu.

Mwezi uliopita alipimwa tena. Mbegu zimeongezeka na zinakimbia vizuri. Daktari alisema hawezi kujua kama ni majani, ni simu kukaa mezani au ni sigara kuachwa. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Mume wangu siku hizi anatembea kifua mbele, na ananitania kwamba yeye kamaliza upande wake, sasa kazi ni kwangu. Hakuna aliyeniomba radhi, hata kwa mzaha.

Jumatatu asubuhi niliamshwa na ile harufu. Sufuria imerudi jikoni na mizizi inachemka. Mama mkwe alinieleza kwa upole kabisa kwamba mwanawe sasa ni mzima, kwa hiyo mtoto asipokuja, itajulikana tatizo liko wapi.

Hapa ndipo nilipotaka kufika, dada. Mtoto hatakuja. Tangu siku ile ya kijiko cha asali nachomwa sindano ya uzazi wa mpango, na hakuna anayejua humu ndani. Nilimtaka mtoto, wewe unajua nilivyomtaka, vile visweta nilivyofuma bado viko sandukuni. Lakini kila nikimfikiria namwona ni binti, amesimamiwa mlangoni na kikombe mkononi.

Mizizi nimeimwaga chooni. Mwisho wa mwezi, nikishakabidhi sare, nakuja kwako na cherehani yangu, kama utanipa kona ya kulala. Mama usimwambie mpaka nifike, nitamweleza mwenyewe.

Nisalimie shemeji, uwabusu wanangu, na goti usilichoshe.

Ni mimi mdogo wako,
asiyekunywa tena.