Herufi Alizokutwa Nazo Muchiri

Ijumaa, 23 Aprili 1954
Ofisini saa moja na nusu, kabla ya bwana mkubwa. Gazeti lake haliondoki mezani, kwa hiyo nimenakili fumbo kwenye karatasi kama kawaida. Maneno manne ya Kiingereza, herufi zimevurugwa. Chini yake picha: mwokaji mikate anadai nyongeza. Jibu la mwisho huwa mzaha. Karatasi nimempa Muchiri, karani mwenzangu wa stoo. Atalala nayo kwake Waithaka, kesho aniletee jibu. Mimi nimeshalipata — unga wa kukanda, "dough", neno ambalo Wazungu hulitumia pia kwa pesa. Simwambii ng'o. Ajikune kichwa!

Jumamosi, 24 Aprili
Msako. Askari kila kona ya mji. Wakikuyu wanapakiwa kwenye malori. Muchiri wamemkamatia mlangoni pa ofisi, kipande chake cha utambulisho mkononi. Akiwa juu ya lori ameniona. "Tobias! Ni unga!" Anacheka kabisa. Nimegeuka, nimeingia ndani.

Jumatatu, 26 Aprili
Nimenakili fumbo. Sina wa kumpa. Nimelimaliza kwa dakika sita. Sikucheka.

Jumatano, 28 Aprili
Wahu, mke wa Muchiri, amekuja ofisini. Kwa miguu kutoka Waithaka, mtoto mgongoni. Jirani yao ameachiliwa, ndiye aliyemletea habari. Muchiri amezuiwa kwa sababu ya karatasi iliyokuwa mfukoni. R-A-B-E-D, na nyingine. Wanasema ni barua ya siri ya watu wa msituni, wanaopigana na serikali. Wanataka jina la mwandishi. Amekataa kulitaja.
"Baba Awiti, wewe unaijua hiyo karatasi?" ameniuliza.
Nimesema nitaulizia.
Bread! Mkate tu, jamani! Ilifaa nilie, au nitetemeke. Sisikii kitu. Nimekula ugali, nimemaliza sahani.

Alhamisi, 29 Aprili
Fumbo sikulinakili.

Ijumaa, 30 Aprili
Inspekta amekuja na karatasi yenyewe. Imekunjwa mara nne, ina jasho la Muchiri. R yangu, yenye mkia mrefu. "Hii maandiko ya nani?" Makarani saba tumeangalia sakafu. Gazeti la Ijumaa ile liko kabatini, nimelipanga mwenyewe. Ningelitoa, nikamwonyesha, nikasema ni mchezo. Na kama asingeniamini? Lori moja, mimi na Muchiri. Mdomo haukufunguka. Ni aibu. Naliandika neno hilo, lakini moyoni halina uzito.
Kesho anarudi. Kila karani ataandika herufi zote mbele yake, A mpaka Z.
Sasa niko chumbani kwetu, Woodley. Philister, mke wangu, amerudi kutoka kulea watoto wa memsahib, yule bibi wa Kizungu. Anauliza mke wa Muchiri amepata habari gani. Sijui, nimemwambia. Halafu ameiona kalamu. Mbona unaandika kwa mkono wa kushoto?
Mazoezi.
Ya nini?
Bado amesimama hapo. Huu ni ukurasa wa tatu wa A mpaka Z. R imeanza kupoteza mkia —