Ishara Aliyoitoa Zenas Culp

Harlow, New York
2 Aprili 1827

Mwanangu mpendwa Kezia,

Salamu nyingi kwako, kwa mkwe wangu Orrin na kwa wajukuu. Mimi sijambo, ni nyonga tu inayonisumbua theluji inapoyeyuka. Na nyie huko Ohio je? Yule mdogo ameshaota meno?

Huku habari ni moja tu, kesi. Ghala la nyasi la Shemasi Bascom liliteketea Januari pamoja na ng'ombe wanne. Kibarua wake, Zenas Culp, alishtakiwa kwamba ndiye aliyelichoma, kwa kuwa walikuwa wamegombana. Nami niliitwa kuwa mmoja wa wale raia kumi na wawili wa kuamua kesi mahakamani. Walitufungia chumbani bila moto wala chakula, kama ilivyo desturi, mpaka tukubaliane. Kumi na mmoja walisema ana hatia, mimi nikasema hana. Siku ya pili Peleg mhunzi akanipigia kelele, "Asahel, wewe si mtu, ni kisiki!" Nikamwambia kisiki hakisikii njaa, tuendelee kukaa. Jioni walichoka, Zenas akaachiwa. Tangu siku hiyo nusu ya mji hawanisalimu.

Kuhusu sababu yangu, ninaloweza kukwambia ni kwamba Zenas ni mwenzetu wa loji, chama chetu cha siri, na sisi Frimasoni tuna kiapo cha kusaidiana. Nilivyomtambua ni siri yetu. Unajua jinsi watu wanavyotutazama kama wachawi tangu mwaka jana, alipopotea yule mtu aliyetaka kuzichapa siri zetu. Kitabu chenyewe kimetoka, lakini wakubwa wetu wanasema ni uongo mtupu na wametukataza hata kukigusa. Mimi sijakigusa.

Zenas hawezi kukaa hapa tena. Ndiye anayekuletea barua hii. Mpeni kazi na mahali pa kulala. Namdhamini mimi.

Ni mimi babako,
Asahel Wickwire


Wending Creek, Ohio
9 Juni 1827

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi tu wazima, na mdogo ana meno manne, ananing'ata nayo. Nyonga ikandwe kwa maji moto, usijifanye kijana.

Zenas alifika Mei, barua yako kaificha ndani ya kofia. Orrin alimtazama viganja kwanza, akasema, "Hawa wanajuana na shoka." Kweli, Baba, anafanya kazi. Kaangusha miti yote ya upande wa kijito, anakamua, hagusi wiski. Lucius, mkubwa wetu, hambanduki, anamwita mjomba. Orrin anasema kama loji inatoa watu wa namna hii, naye atajiunga. Nimemwambia watamfukuza siku ya kwanza, maana hawezi kunyamaza hata saa moja. Kanikasirikia mpaka chakula cha jioni.

Asante kwa kutuletea mtu.

Wako mwanao,
Kezia


Wending Creek
14 Oktoba 1827

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole na baridi inayoanza. Sisi tunaendelea vizuri, mahindi yamejaa ghalani.

Kuna jambo, nami nakuambia wewe kabla ya Orrin. Jana nilikusanya nguo za kufua, na katikati ya mashati ya Zenas nikakuta kitabu. Ni kilekile cha siri zenu. Nimekisoma, Baba, mimi sikukatazwa na mtu. Kuna sehemu inaeleza ishara ya mwenzenu aliye taabuni: anainua mikono miwili juu ya kichwa, kisha anaishusha kwa vituo vitatu, na yeyote wa loji anayeiona lazima amwokoe.

Nilimwendea zizini nikamuuliza, "Zenas, wewe ni Frimasoni kweli?"

Akaacha kukamua. "Hapana, Bi Kezia. Sijawahi kukanyaga loji yoyote."

"Sasa hiki?"

"Nilikipata jela. Mlinzi alikinunua kwa mchuuzi, tukawa tunasomeana. Siku ya kesi niliwatazama wale kumi na wawili, sikuwa na rafiki hata mmoja. Nikainua mikono. Nikasema moyoni, huenda yumo mmoja."

Nikamuuliza kama ndiye aliyechoma ghala. Akasema siye. Mimi namwamini, lakini wewe ndiye uliyesikia ushahidi. Niambie.

Wako mwanao,
Kezia


Harlow
6 Novemba 1827

Mwanangu Kezia,

Nimepata barua yako. Afya ninayo, amani sina.

Nimekinunua hicho kitabu, nimekisoma chote nikiwa nimesimama karakanani kati ya mapipa ninayoyaunda. Kila kitu kimo. Maneno niliyoyaapia nikiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, ambayo sikumwambia hata mama yako mpaka anakufa, yanauzwa na wachuuzi pamoja na sindano na vifungo. Watu wote wa Harlow wameshakisoma, isipokuwa sisi wenyewe tuliokatazwa. Wanapokaa na mimi kanisani wanajua, na mimi sijui kwamba wanajua. Nimefanywa mjinga mbele ya kaunti nzima.

Usiniambie unamwamini. Mtu aliyeweza kunichezea kiapo changu atashindwa nini kuchoma ghala? Na ghala lenu limejaa, na wanao wanalala hatua thelathini kutoka hapo. Mtoeni siku hiyohiyo mtakaposoma barua hii. Orrin akisita, msomee haya maneno: mimi niliyemdhamini nimeuondoa udhamini.

Babako,
Asahel Wickwire


Wending Creek
2 Desemba 1827

Baba,

Shikamoo. Watoto wana mafua, si makubwa.

Tumefanya ulivyosema. Barua ilifika Jumanne, theluji ikiwa magotini. Nilimwomba Orrin angalau tungoje kutulie. Akasema, "Babako ndiye aliyemleta, babako ndiye anayemtoa. Mimi niseme nini?" Akaenda kumwambia.

Zenas hakubisha. Aliuliza kama ng'ombe wameshakamuliwa. Tukamwambia bado. Akaenda akawakamua, akaniletea ndoo, akafunga mashati yake. Nilimpa mkate wa mahindi na kipande cha nyama ya nguruwe. Buti zake zilikuwa zimepasuka upande mmoja, nami niliona, na sikusema kitu. Lucius amelia mpaka akatapika, hataki kusema na baba yake.

Umetulinda, najua ndivyo ulivyokusudia. Lakini nina uchungu na wewe, Baba, na sitaki kukuficha.

Mwanao,
Kezia


Harlow
20 Januari 1828

Mwanangu mpendwa Kezia,

Natumaini mafua yamewaachia watoto. Mimi ni mzima.

Jumapili iliyopita kulikuwa na mkutano wa toba kanisani, mhubiri mgeni. Nahum, kijana wa Shemasi Bascom, alisimama bila kuitwa. Alisema siku ile ya Januari alipanda juu ya nyasi kavu kuvuta kiko, akasinzia, akaamshwa na moshi. Alikimbia, na kwa kumwogopa baba yake akanyamaza mwaka mzima, hata kibarua alipokuwa jela. Shemasi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka nje bila kofia.

Kwa hiyo Zenas hakuchoma kitu. Aliniongopea jambo moja tu, kwamba ni mwenzangu, na kwa hilo moja nikamtupa kwenye theluji. Nina aibu, mwanangu. Sina neno lingine. Mwambie Orrin amtafute popote alipo, amwambie mzee amekosa na anaomba arudi.

Babako,
Asahel


Wending Creek
30 Machi 1828

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sote tu salama, na uchungu wangu umepungua ulipokiri kosa.

Orrin amepanda farasi siku nne na amempata, yuko kwa mtengeneza ngozi mmoja kule ziwani. Baridi imemla vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alimkaribisha Orrin vizuri tu, akampa kiti. Orrin akamweleza habari za Nahum. Zenas akacheka kidogo, akasema, "Basi leo mmejua. Mimi nilikuwa najua tangu mwanzo."

Orrin alimpa ujumbe wako. Alisikiliza, akasema hatarudi, ana kazi pale na mwenye kazi hamuulizi maswali. Ila yeye ana swali lake kwako. Nakuandikia kama Orrin alivyolileta:

"Yule mzee, kama nisingeinua mikono, angenifunga?"

Orrin akamwambia, "Babamkwe ni mtu mwema."

Akasema, "Sikuuliza hilo."

Baba, mimi siwezi kumjibu, sikuwamo katika chumba kile. Mwandikie wewe, nami nitampelekea.

Wako mwanao,
Kezia


Harlow
19 Julai 1828

Mwanangu Kezia,

Nawasalimu wote. Barua yako nilipata Aprili. Nimeandika majibu manne na nimeyachana. Moja lilisema ushahidi ulikuwa dhaifu. Lingine lilisema ni Mungu tu ajuaye. Katika yote nilikuwa najipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Zilikuwapo nyayo za buti zake kwenye theluji mlangoni mwa ghala. Alikuwa kibarua wa pale, alipita mlango huo kila siku, na sikujiuliza hilo hata mara moja. Shemasi nilikuwa nakaa naye benchi moja kanisani. Zenas sikuwa namjua. Kabla hajasimama mbele yetu nilikuwa nimeshamaliza kesi moyoni, nawaza mapipa ya watu yanayonisubiri.

Nenda kwake wewe mwenyewe, usimpe Orrin, atayalainisha maneno. Mwambie ndiyo. Ningemfunga.

Babako,
Asahel Wickwire