Nilivyouza Riwaya Yangu Sokoni Busia

Dada Rebeka,

Busia kuna jua, na samaki wa kutoka ziwani Majanji wananukia hadi kwenye kadi hii. Mchapishaji aliniambia mwandishi hodari hujiuzia vitabu mwenyewe. Basi nikasimama juu ya kreti sokoni, nikainua riwaya yangu na kuisoma kwa sauti, ile sura ya mume mzinzi. Watu wakajaa, wakavua kofia, wakaitikia amina. Mama mmoja akataka nimwombee ng'ombe wake mgonjwa. Nikaomba, ningefanyaje? Nilipotaja bei ya kitabu, akanitazama kwa huruma: "Mchungaji, kumbe neno la Mungu wewe nauza?"

Leo naambiwa ng'ombe kapona. Kitabu bado mahututi.

Nibusie wapwa zangu. Mama usimwambie nimekuwa mchungaji, atafurahi bure.

Nduguyo, Yona