Uji wa Bwana Tak

Jumatatu, 6 Novemba

Wageni watatu leo. Walipiga simu saa nne asubuhi — eti ni wavuvi wa kujifurahisha, wanataka vyumba na chakula cha mapema. Wavuvi! Mvuvi wa kweli swali lake la kwanza ni maji yanajaa saa ngapi. Hawa waliuliza kama kuna uji.

Basi nikajua ni Bwana Tak. Mkaguzi wa serikali. Huingia kwenye mtambo wa nyuklia wa hapa kwetu bila kubisha hodi ili awakute walivyo. Hajaniambia hata siku moja kazi yake, nami sijamwuliza. Lakini mtu ukishampikia uji mwaka mzima, unamjua. Ana kidonda cha tumbo. Hataki pilipili, hataki kabichi ya kimchi, anataka uji wa boga tu. Wageni wangu wengine wote ni mafundi wa vinu vya nyuklia, na hao wanakula pilipili kama wameamriwa na daktari.

Nimemenya maboga mawili. Binti yangu Eunsol alipiga simu, nikamwambia vidole vyangu vimegeuka njano kwa maboga. Akasema: haya Mama, usijichoshe. Sauti yake imekauka, huyu mtoto. Analala bweni la kampuni, dakika kumi kutoka hapa, na simwoni. Anakula kweli?

Jumanne, 7 Novemba

Wakaguzi wamerudi saa tisa mchana. Bwana Tak hakumaliza uji. Nilikuwa nafuta meza ya jirani — sikutega sikio, masikio yako wazi tu.

Yule mwenzake, Bi. Noh, alisema jenereta ya dharura imewaka ndani ya sekunde saba, safi kabisa. Bwana Tak akasema, safi mno. "Mara ya tatu tunakuja ghafla, na mara ya tatu wamefagia mpaka chini ya ngazi. Mtu asiyengoja mgeni hafagii chini ya ngazi."

Bi. Noh akauliza, kwani nani anawaambia?

Kitambaa kikaniponyoka. Bwana Tak akaniokotea. "Pole, mama mdogo." Ndivyo wageni wanavyoniita, lakini yule bwana ni mpole sana.

Lakini ni nani mwenye ulimi mrefu namna hiyo? Nimemfikiria Mama Jungho wa jirani. Yule hata kuku wake akitaga, kijiji kizima kinajua kabla ya kuku mwenyewe.

Ijumaa, 10 Novemba

Bosi Pyo alikuja na watu wake kula mchana. Kampuni yake ndiyo inayotunza zile jenereta za dharura mtamboni, na ndiyo iliyomwajiri Eunsol. Mcheshi. Anaingia kelele zinatangulia.

"Mama mdogo! Wiki ijayo kuna uji?"

Nikamwambia uji ni wa wagonjwa, wewe una tumbo la mbwa, kula mifupa ya nguruwe. Wakacheka wote. Akafuta jasho, akasema, "Siku ukiupika tu, mwambie Eunsol. Yeye hunifikishia."

Nami nikacheka. Nikaenda kuosha bakuli. Nilikuwa kwenye bakuli la nne au la tano mikono ikasimama yenyewe ndani ya maji.

Miaka miwili anakula hapa. Hajawahi kugusa uji. Hata kijiko!

Jumamosi, 11 Novemba

Ni mimi. Mwenye ulimi mrefu ni mimi.

Jumapili, 12 Novemba

Siku ya kuweka kimchi ya majira ya baridi. Kabichi mia na ishirini. Nilimwambia Eunsol asipokuja leo asiniite tena mama. Akaja.

Mama Jungho naye alikuja kusaidia, mdomo wake ukiwa umetangulia. "Mhandisi, paka hiyo pilipili! Unaipapasa kabichi kama unamwogesha mtoto mchanga. Ndiyo maana huolewi." Eunsol akajibu, "Namngoja Jungho aoe kwanza, Mama. Ana miaka arobaini." Tukacheka. Mimi nilicheka meno tu.

Mama Jungho alipokwenda kulisha mbwa wake tukabaki wawili uani, kwenye mitungi ya soya. Nikamwuliza: uji wangu unaupeleka kwa Pyo?

Hakuuliza uji gani. Alivua glavu moja, akaivaa tena.

Nimeishia darasa la sita, lakini alinieleza nikaelewa, na heri nisingeelewa. Kinu cha nyuklia, amesema, ni kama chungu chako cha jiwe, Mama. Unakitoa motoni na supu bado inatokota. Hata wakikizima, maji ya kukipoza lazima yaendelee kuzunguka, na yanazungushwa na umeme. Umeme wa nje ukikatika, jenereta za dharura ziwake ndani ya sekunde kumi. Ziwake zikiwa hivyo zilivyo, zimelala, baridi. Zipo mbili. Ya kwanza nzima. Ya pili, tangu majira ya kuchipua, ikilala inakohoa tu. Sekunde ishirini ndipo inawaka. Siku nyingine haiwaki kabisa.

Kwa hiyo wanaiamsha. Kabla ya kila jaribio la mwezi wanaiwasha kwa siri jana yake, inapata moto, kesho yake inawaka kama mpya. Wakaguzi wakija ghafla, kinachotakiwa ni kujua siku moja mbele.

Siku moja mbele! Ndiyo hiyo niliyokuwa nawapa mimi, na maganda ya boga mkononi.

"Wewe unafanya nini hapo?" nikamwuliza. Akasema yeye ndiye anayeandika kitabu cha majaribio. Anaandika: imewaka ikiwa baridi. Anasaini. Saini nane mpaka sasa. Mara ya kwanza Pyo alimwambia ni mwezi mmoja tu, kifaa kipya kinakuja. Kifaa hakikuja. Mara ya pili alikataa, Pyo akamfungulia kitabu akamwonyesha: jina hili la nani? Langu au lako?

Analia huku anapaka pilipili. Nikamwambia usifute macho, mwanangu, utajiunguza. Nikamfuta mimi kwa kiwiko.

Kisha nikamkumbusha lori la marehemu baba yake. Majira ya baridi alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kuliwasha ili saa moja litembee. Kila mtu alilisifia lile lori, halijawahi kumwangusha. Mpaka siku bibi yake Eunsol alipoanguka jikoni. Hakutuaga tangu jana yake kwamba kesho nitaanguka. Lori likakohoa, likakohoa. Tulimbeba mgongoni mpaka barabarani.

Balaa haliweki nafasi ya chumba, nikamwambia. Halipigi simu kuulizia uji.

Akasema, "Najua, Mama. Nitafungwa."

Kabichi thelathini za mwisho sikumbuki nilizipakaje.

Jumatano, 15 Novemba

King'ora! Nilikuwa na bakuli mkononi, limevunjika. Nikakimbia na ndala mguu mmoja, kipakiti cha vidonge vya iodini vya kukinga mionzi kifuani. Barabarani ndipo nikamsikia mwenyekiti wa kijiji kwenye kipaza sauti: ni mazoezi jamani, ni mazoezi, nilitangaza jana, vaeni makoti mje kwenye basi.

Watu wanacheka. Mama Jungho kapanda basi na mbwa wake na ndoo ya kimchi, eti akihamishwa hawezi kula kimchi ya wageni. Dereva akamwambia mbwa haruhusiwi. Akamjibu, "Basi shuka wewe, mbwa ataendesha."

Mimi nilihesabu. Ishirini na saba ndani ya basi, na karibu wote wana miaka zaidi ya sabini. Nikawa natazama vile vinu viwili pale ng'ambo ya msitu wa misonobari, vyeupe, vimenyamaza. Eunsol yuko mle ndani. Kipakiti changu kina vidonge vya watu wawili. Siku yenyewe nani atampelekea cha kwake?

Ijumaa, 17 Novemba

Baridi imeshuka chini ya sifuri. Alfajiri niliweka bakuli la maji safi mbele ya mitungi kumwombea mtoto, kama alivyokuwa akifanya mama yangu. Kabla sijamaliza kusugua viganja maji yalikuwa yameshika barafu juu.

Na ile jenereta ya pili imelala baridi gani leo?

Jumatatu, 20 Novemba

Bwana Tak mwenyewe kwenye simu. Safari hii hakujifanya mvuvi. Akasema tu: watano, Jumatano jioni, tunatoka Alhamisi alfajiri. Kisha akasita. Labda tulale mjini tu, mama mdogo, tusikusumbue.

Nikaona mlango umefunguka. Waende mjini! Nisijue, nisiulizwe, nisiwe na la kusema! Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kusema sawa.

Badala yake nikasikia sauti yangu: "Njooni hapa. Ila safari hii sitamenya boga."

Nilisikia saa ya ukutani ya kwake, au ni ya kwangu.

Akasema, "Ndiyo hivyo?"

Nikasema ndiyo hivyo.

Hakuniuliza jina la mtu, Mungu ambariki. Akasema taratibu, kama mtu anayesoma dawa kwa mgonjwa: kuna mtu anayekuja mwenyewe akasema, na kuna mtu anayekutwa. Sheria haiwatazami kwa jicho moja. Lakini anayekuja, aje kabla hatujafungua mlango wa jenereta. Baada ya hapo hata mimi siwezi kitu.

Nimekaa chini sakafuni.

Nikimwambia Eunsol wanakuja, woga ukimshika atamwambia Pyo, na Pyo ataiamsha ile mashine. Kila kitu kitakuwa safi tena mpaka siku isiyo ya ukaguzi. Nisipomwambia, Alhamisi alfajiri anakutwa. Mwanangu mmoja. Nilimzaa nikiwa na miaka thelathini na saba, baada ya mimba tatu kutoka.

Jumanne, 21 Novemba

Simu. "Mama, unamenya nini leo?" Kama mzaha, lakini si mzaha. Nyuma yake kulikuwa na mtu anapumua.

Nikasema vitunguu saumu.

Kweli nilikuwa namenya vitunguu saumu. Sijasema uongo. Kwa nini basi nahisi kama nimeusema?

Nikamwambia kesho ni siku yako ya kuzaliwa, njoo ule supu ya mwani. Akasema nitajitahidi. Nikasema usijitahidi, njoo.

Jumatano, 22 Novemba

Nimebandika karatasi mlangoni tangu asubuhi: GESI IMEKWISHA, HAKUNA CHAKULA LEO. Gesi ipo, sitaki tu watu wa Pyo waingie. Mafundi wamesoma, wamesonya, wamekwenda kwa mwingine.

Wakaguzi wamefika saa kumi na moja kwa mlango wa nyuma. Watano. Nimewapa wali, samaki wa kuchoma, figili. Bwana Tak kala wali na maji ya moto, kwa ajili yangu, na tumbo lile! Wako vyumba vya mwisho, milango imefungwa, wananong'ona kwenye makaratasi.

Viatu vyao viliachwa kibarazani. Jozi tano nyeusi. Nikavibeba kwenye aproni nikavificha nyuma ya mitungi, Eunsol asivione. Nikarudi ndani. Nikakoroga supu. Nikawaza: kama simwambii, na nikamficha asione, basi nimemfungia njia zote mbili. Hapo mimi nina tofauti gani na Pyo?

Nikavirudisha. Nikavipanga mstari, pua za viatu zikitazama nje, kama ninavyowapangia wageni siku zote. Vya Bi. Noh nimevipanga kinyume mara mbili.

Sasa ni saa kumi na mbili. Naandika nimesimama, daftari liko juu ya pipa la mchele.

Eunsol amefika. Nimemsikia akisimama kibarazani. Amesimama muda mrefu kuliko wa kuvua viatu. Ameingia na soksi, hajaniangalia usoni, amekaa mezani. Nimemwekea supu. Nikasema, kula ikiwa ya moto. Akasema, "Watano, Mama." Nikasema, watano. Akasema, "Kesho?" Nikasema wanatoka alfajiri, na yule mkubwa wao yuko chumba namba saba, na amesema anayekuja mwenyewe hatazamwi sawa na anayekutwa. Basi. Sikuongeza. Nikarudi huku jikoni, kwenye daftari.

Simu yake inalia. Iko mezani, naiona kutoka hapa, jina la Pyo limewaka juu. Atakuwa amesikia habari ya gesi. Imekatika. Inalia tena. Anaitazama. Mwani umening'inia kwenye kijiko chake, haupandi wala haushuki.

Inalia mara ya tatu.

Ameinuka. Ameiacha simu mezani inalia, ametoka kibarazani — Mungu wangu, anaondoka? — nimechungulia. Amechutama. Ameviokota viatu vyake alivyokuwa ameviacha kando, peke yavyo, na amevipanga mwisho wa ule mstari. Pua nje. Jozi sita.

Anarudi ndani. Anapita mezani. Hakukaa. Nasikia nyayo zake koridoni, namba nne, namba tano, namba sita. Amebisha hodi namba saba.